Miche Ishirini ya Bluberi

Nilipohamia boma langu jipya mwaka juzi, sikuanza na mahindi wala sukumawiki. Nilipanda miche 20 ya bluberi. Muuzaji alinihakikishia kwamba tunda hilo la bei ghali lingenirudishia fedha zangu kabla sijamaliza kulipa mkopo wa SACCO. Nilichimba mashimo palipokuwa zizi la ng'ombe la mwenyeji wa zamani, nikaongeza samadi na majivu ya jikoni, kama nilivyokuwa nikimwona marehemu mama akiitunza migomba yake. Baada ya miezi michache majani yaligeuka manjano, mishipa tu ikisalia kijani. Msimu uliofuata nilibaki na vijiti.

Bluberi huhitaji udongo wenye asidi nyingi, wa pH baina ya 4.5 na 5.5. Majivu huipunguza asidi hiyo, na mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma hata yakiwa tele ardhini. Nilichodhani ni lishe kilikuwa sumu. Wanafunzi wangu, ambao huwakata alama kwa kudai jambo bila ushahidi, wana haki ya kucheka.

Na wala si siri mpya. Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, aliieleza katika chapisho la serikali mwaka 1910. Kabla yake, waliohamisha vichaka vya porini na kuvipanda katika udongo wenye rutuba walishangaa kuviona vikidhoofika. Elizabeth White, binti wa mkulima wa New Jersey, alilisoma chapisho hilo, akamkaribisha Coville kufanyia majaribio katika ardhi ya familia yake, akawalipa wachumaji waliomwonyesha vichaka vya porini vyenye matunda makubwa. Mwaka 1916 waliuza mavuno yao ya kwanza. Biashara hii tunayoitamani leo ilianza na mtumishi wa umma aliyelipwa kutafiti, na matokeo yake yakamfikia mkulima.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za ugani. Hapa kijijini sijamwona afisa wa ugani hata mmoja. Pengo lake limejazwa na muuzaji wa miche, ambaye ndiye mshauri, ndiye mkaguzi, na ndiye anayepokea fedha. Tuliyaona hayo wakati wa kware, mwaka 2014, soko lilipoporomoka na wafugaji kuachwa na ndege wasio na mnunuzi. Walioumia wengi wao hawakuwa wajinga. Walikosa mtu wa kuwaambia ukweli ambaye hakuwa na kitu cha kuwauzia.

Ninyi mnaoandaa bajeti za kaunti, nionyesheni fungu la kupima udongo katika kila wadi. Nami nitakuja na mfuko wangu wa udongo, nipange foleni kama wengine.