Ukiambiwa "Leta Watu Watano", Piga Hesabu Kwanza

Unaujua ule ujumbe. Lipa shilingi 1,000, leta watu watano, kila mmoja alete watano wake, kisha ukae ukingoja pesa ziingie kwa simu. Mara nyingi hautoki kwa mtu usiyemjua. Unatoka kwa shemeji, au kwa mwenzako wa chama ambaye umekula kwake juzi. Ndiyo maana onyo la "jihadhari na matapeli" halisaidii sana. Nani atamwita shemeji yake tapeli?

Sisi tunaona dawa ni ile hesabu ya vipeo tuliyoikimbia darasani. Kipeo ni ile namba ndogo inayoandikwa juu, kama 5². Wengi wetu tuliandika 10 tukakosa. 5² si 5 mara 2, ni 5 mara 5, yaani 25. 5³ ni 5 mara 5 mara 5, yaani 125.

Sasa rudi kwa ujumbe. Ngazi ya kwanza ni watu 5, halafu 25, halafu 125, halafu 625. Mpaka hapo ni kama mtaa mmoja tu. Lakini ngazi ya 8 inataka watu 390,625, na ya 11 inataka 48,828,125. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 Kenya nzima, pamoja na watoto wachanga. Nchi imeisha na bado mnatafuta watu.

"Mimi nitaingia mapema nitoke mapema." Sawa. Tuseme mchezo umekwama ngazi ya tatu. Ukijihesabu wewe, mko 156: 1, 5, 25 na 125. Wale 125 wa chini wamelipa na hawajapata mtu wa kuleta. Ni watu wanne kati ya kila watano. Ukikwama ngazi ya 8 ni vile vile, wanne kati ya watano, ila sasa ni maelfu kwa maelfu. Na wewe uliyetoka mapema umetoka na pesa za watu uliowapigia simu mwenyewe.

Tuseme ukweli, hata sisi hutoa bonasi ukimwalika rafiki. Lakini hiyo inatoka kwa bajeti yetu ya matangazo, rafiki halipi kitu kuingia, na haishuki kwa rafiki wa rafiki. Ukiona tangazo lenye jina letu na ngazi za malipo, hilo si letu.

Ukishaweka PIN ukatuma kwa hiari yako, kuzirudisha pesa ni kazi ngumu, maana kufikia wakati mpango unakwama zimeshapita mikono mingi. Kwa hivyo shemeji akipiga leo jioni, msimgombanie. Fungueni kalkuleta ya simu pamoja, mbonyeze 5 mara 5, mara 5 tena, muendelee hadi mara nane, kisha mumuulize hao watu wanaishi wapi.