Kabla ya Kuandika "I am", Jaribu "hu-"

Mtahiniwa, tuseme umetakiwa kuandika kwa Kiingereza juu ya mambo yako ya kila siku. Unaanza: *I am waking up at five. I am praying. I am going to school by daladala.* Tahajia haina kosa, lakini anayesoma ataelewa kwamba sasa hivi, ukiwa ndani ya chumba cha mtihani, unaamka, unasali na umo ndani ya daladala. Hapo alama zinapotea.

Kosa hili halitokani na uvivu. Linatokana na -na-. Kwa Kiswahili, "Mama anauza samaki Darajani" inaweza kuwa ndiyo kazi yake ya kila siku, au jambo analolifanya dakika hii. Kiingereza kinakulazimisha uchague.

Wengi wetu tulifundishwa kutafuta maneno kama *always* na *every day*. Ushauri huo si mbaya, ila kwa maoni yangu hautoshi, kwa sababu mara nyingi maneno hayo hayamo katika sentensi. Kipimo bora unacho mdomoni: kiambishi hu-. Kabla ya kuandika, sema sentensi yako kwa hu-. Ikikubali, tumia wakati uliopo wa mazoea. Sikio likikataa, huenda unahitaji wakati unaoendelea.

Tujaribu:

"Mama huuza samaki Darajani." Inakubali. Andika: *My mother sells fish at Darajani.*

"Maji yakipwa, wakulima wa mwani huingia baharini." Inakubali. Andika: *When the tide goes out, the seaweed farmers go into the sea.*

"Wiki hii nakaa kwa shangazi Paje." Ukisema "wiki hii hukaa", sikio linakataa, kwani ni jambo la muda tu. Andika: *This week I am staying with my aunt in Paje.*

Jihadhari na mitego mitatu. Kwanza, hu- haibadiliki: mimi huuza, yeye huuza. Kiingereza hubadilika: *I sell*, lakini *she sells*. Pili, katika kukanusha hu- hutoweka, tukasema "hauzi". Kiingereza husema *she does not sell*; ile *s* imeshahamia kwenye *does*, basi usiirudie. Tatu, usitafsiri hu- kwa *used to*. Ukiandika *I used to live in Makunduchi*, maana yake hukai huko tena.

Utasikia watu wakisema kwamba Kiswahili ndicho kinachowaangusha watahiniwa katika Kiingereza. Mimi sikubali. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, iliyochaguliwa mwaka 1928, na lugha hiyo inatofautisha mazoea na jambo la sasa kwa silabi moja tu. Anayeangushwa ni yule anayetafsiri bila ya kujiuliza anakusudia nini.

Leo usiku, andika sentensi kumi juu ya watu wa nyumbani kwenu. Zipime kwa hu-, kisha ziandike kwa Kiingereza. Ukifanya hivyo kwa wiki moja, siku ya mtihani hutahitaji kubahatisha.