Kabla ya kuhesabu magunia, nenda ukanuse maua

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye ekari mbili za kahawa alinipigia simu. Alitaka kujua bei itakuwaje msimu ujao. Nikamjibu kwamba bei tutaijua wakati wake, kwanza aniambie kahawa yake imechanua lini. Akanyamaza kidogo. "Bwana shamba, hilo sijui. Kuna dogo ananiangalizia. Mimi nitakuja wakati wa kuchuma."

Nikamwambia ukweli wake: umekosa siku nzuri kuliko zote za mwaka shambani kwako, na umekosa taarifa ambayo hakuna mtu atakupa kwenye simu.

Msimamo wangu ni huu. Mkulima wa biashara asiyetembea shambani wakati wa maua, kwa macho na kwa pua, anafanya biashara gizani. Najua wengine mtacheka. Mtasema maua hayaliwi, na mkopo haulipwi kwa harufu. Sawa, lakini nisikilizeni kwanza.

Tuanze na kahawa hiyohiyo. Mkahawa hukaa kiangazi chote vichipukizi vyake vya maua vikiwa vimelala. Ikinyesha mvua ya kwanza ya maana, vinaamka, vinavimba, vinasimama vyeupe kama mishumaa midogo. Baada ya siku 7 hadi 10 hivi unafika asubuhi unakuta shamba zima limevaa nyeupe. Kabla hujaona chochote, harufu imeshakupokea njiani, inafanana na asumini. Nyuki wanavuma kila tawi. Ukichelewa siku mbili tatu, maua yamegeuka rangi ya udongo na yanadondoka. Imekwisha mpaka mvua nyingine.

Sasa, pesa iko wapi hapo? Iko kwenye tarehe. Arabika huchukua miezi 7 hadi 9 kutoka ua mpaka kuiva, robusta miezi 9 hadi 11. Aliyeandika siku ya maua anajua lini atatafuta vibarua na lini atatengeneza vichanja vya kuanikia. Kama mvua ilikuja vipande vipande, ataona maua yametoka mara mbili au tatu, na atajua mapema kwamba kahawa itaiva kwa mafungu. Maana yake ni kuchuma kwa raundi nyingi, na gharama kupanda. Vilevile utaona matawi yaliyochoka, yana ua moja moja kwenye ncha tu. Yatie alama siku hiyohiyo, maana wakati wa kupogoa utakuwa umeshasahau ni yapi.

Kuna jambo zito zaidi. Wenzetu wa Kagera wanaijua butura, ile biashara ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa bado maua. Imepigwa marufuku, lakini shida ikibisha hodi watu bado wanaikumbuka. Jiulize: huyo mnunuzi wa butura anafanya nini kabla ya kutaja bei? Anatembea shambani kwako. Anaangalia maua yako, anahesabu matawi kichwani, ndipo anakuja kukutajia bei ya kukutupa. Yaani mtu baki anayajua maua yako kuliko wewe mwenye shamba. Hapo unategemea kushinda mazungumzo kweli?

Sisemi maua mengi ni matunda mengi. Hapana. Maua yanadondoka, na mengi hayashiki kabisa. Ndiyo maana hutakiwi kukopa wala kuuza kwa kuangalia maua. Unatakiwa kuyatazama ili ujue nini kinakuja na nini kinakosekana.

Sasa niseme la kwangu, maana na mimi nimefundishwa kwa hasara. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimwandalia kijana mmoja ratiba ya kupulizia dawa ya wadudu kwenye matikiti. Ilikuwa ratiba safi kabisa kwenye karatasi, na saa za kupulizia zilikuwa saa tatu asubuhi, kwa sababu ndiyo saa iliyotufaa sisi wawili. Sikwenda kuangalia maua. Laiti ningekwenda, ningeona kwamba saa hizo ndipo yalipokuwa wazi na nyuki wako kazini. Ua jike la tikiti hufunguka asubuhi moja tu, kisha hujifunga. Lisipotembelewa na nyuki wa kutosha siku hiyo, tunda linadondoka likiwa dogo au linakua limepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umenywea. Yule kijana alivuna matikiti yaliyopinda. Mnunuzi akachagua machache, mengine akayaacha pale pale shambani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Bahati mbaya, bwana shamba." Haikuwa bahati mbaya. Tungesimama pale robo saa tukiangalia maua na kusikiliza nyuki, tungepulizia jioni wakati nyuki wamesharudi mzingani, na zaidi ya hapo tungejiuliza kama kulikuwa na haja ya dawa yenyewe.

Tangu siku hiyo nikifika shamba lenye maua, nasikiliza kwanza. Shamba lililochanua halafu kimya linanitia wasiwasi.

Wa parachichi nanyi msikae pembeni. Ua la parachichi ni dogo, la kijani kinachoelekea njano, wengi hawalioni hata kidogo. Lakini lina maajabu yake. Ua lilelile hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, mara ya pili likiwa dume. Hass hufunguka jike asubuhi, kisha hufunguka tena dume mchana wa siku inayofuata. Fuerte ni kinyume chake: jike mchana, dume asubuhi ya kesho yake. Kwa hiyo asubuhi Fuerte ina chavua ambayo Hass inaihitaji. Hii ndiyo sababu tunawaambia mchanganye miti kidogo. Mimi naweza kukueleza hivyo semina nzima ukasinzia. Ila nenda mwenyewe asubuhi, shika tawi, angalia. Rudi mchana, angalia tena. Hutasahau maisha yako yote, na hutanunua miche kwa kuambiwa tu.

Na maembe? Mwembe ukichanua, harufu yake ni tamu na nzito, inavuta hata nzi. Usiwafukuze, nao wanachavusha. Sogea karibu na shada la maua. Likiwa na rangi ya njano au wekundu hafifu, furahi. Likiwa na unga mweupe kama limenyunyiziwa jivu, huo ni ubwiri unga, na ukisubiri mpaka mtu wa shamba akupigie simu, maua yatakuwa yamekauka na kudondoka. Wenye mikorosho wanaujua ugonjwa huu vizuri, wala siwafundishi. Unaanza kidogo kidogo kwenye maua na majani machanga, na anayeuwahi ni yule aliyekuwepo.

Sasa basi, msimu huu nakuomba vitu vitatu tu. Kwanza, ukisikia mvua imenyesha shambani au miti imeanza kutoa maua, panda basi uende. Pili, ingia shambani mapema, bila simu mkononi kwa nusu saa ya kwanza. Tembea mstari kwa mstari, nusa, tazama, sikiliza. Tatu, ukishatoka andika: tarehe, sehemu iliyochanua vizuri, sehemu iliyokuwa kimya. Daftari la shilingi mia tano linatosha.

Na ukijikuta umesimama tu hapo katikati ya shamba unatabasamu bila sababu, usione aibu. Vijana wengi naowaona wanaacha kilimo hawaachi kwa sababu ya hasara moja. Wanaacha kwa sababu shamba kwao lilikuwa namba tu, na namba zilipokuwa mbaya, hakikubaki kitu cha kuwarudisha. Waliowahi kusimama ndani ya kahawa iliyochanua wanarudi. Wanarudi kujaribu tena, na safari hiyo wanakuja na daftari.

Yule kijana wa kahawa nimemwambia, mvua nyingine ikinyesha anipigie, tutakwenda wote. Nauli analipa yeye.