Mto Hautahini kwa Kiingereza

Imekuwa ada siku hizi, hasa mwisho wa juma, kuwaona vijana wa vyuo na shule wakiteremka kwenye matatu mjini Thika na Ruiru, mabegi mgongoni, wakielekea mtoni. Hawaendi kuogelea wala kuvua. Wanakwenda kuufuata mto kwa miguu, mara ukingoni, mara ndani ya maji yafikayo magotini, wakitanguliwa na mtu anayesemekana kuijua njia. Mchezo huu ni mzuri, nami si miongoni mwa wanaoubeza. Swali langu ni moja tu: huyo anayetangulia ni nani?

Nauliza kwa sababu mito ya pande hizi hudanganya. Mto Thika na Mto Chania hutoka katika milima ya Nyandarua, hukutana karibu na mji wa Thika, kisha maji yake huelekea Tana. Mto Ruiru, ulio mwendo mfupi tu kusini, huishia Athi, ambao huitwa Galana na hatimaye Sabaki kabla ya kuingia baharini karibu na Malindi. Mwalimu wa jiografia aweza kuwaonyesha wanafunzi wake mabonde mawili makuu ya nchi kwa siku moja. Lakini mvua inayoijaza mito hii aghalabu hainyeshi pale tunapotembea. Jua laweza kuwaka Thika ilhali milimani kunanyesha.

Hayo yalinifika mwenyewe. Nilikuwa na wanafunzi wangu kando ya Chania, mbingu nyeupe, tumeketi juu ya mawe tukila. Kijana aliyetuongoza, mwenyeji wa hapo ambaye hakubahatika kumaliza shule, akasimama ghafla. Alikuwa ameona maji yamegeuka rangi na vijiti vinaelea. Akatuamuru tupande juu. Wapo walionung'unika. Robo saa haikutimia kabla ya mawe yale kumezwa na maji. Siku hiyo shahada yangu ya uzamifu haikunifaa kitu.

Wengine hawakuwa na bahati yetu. Katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana wa kanisa mwaka wa 2012. Mnamo Septemba 2019 yakawaua watu 7, mmoja wao akiwa kiongozi wa msafara. Ni dhahiri basi kwamba kuwa na kiongozi pekee si kinga. Hapana budi pawe na mtu upande wa juu wa mto mwenye simu, na habari za mvua ya milimani zitafutwe kabla ya kuondoka.

Nitaambiwa kuwa sheria ipo. Naam, Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011 inadai leseni. Hata hivyo, utalii wetu umelelewa mbugani, na tumezoea kumpima kiongozi kwa kuwajua simba na ndege. Mto una elimu yake: rangi ya maji, sauti yake, jiwe linaloteleza, mahali pa kupandia. Elimu hiyo nayo itahiniwe.

Ila itahiniwe kwa lugha gani? Hapa nasema kama mwanaisimu. Kijana aliyetuokoa akipewa karatasi ya Kiingereza cha vitabuni, ataanguka, na leseni itamwendea mwenzake wa mjini ambaye hajapata kuyaona maji yakigeuka. Tutakuwa tumepima lugha tukidhani tumepima maarifa. Na atahiniwe kwa Kiswahili au Kikuyu, tena mtoni, miguu ikiwa majini. Lugha za kigeni atajifunza baadaye, kadiri wageni wanavyoongezeka.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi unatuhimiza kuwatoa wanafunzi darasani. Tuwatoe, lakini tusione haya kumhoji anayetupeleka: umeufuata mto huu mara ngapi? Nani yuko juu? Maji yakija, tutapandia wapi? Asiyeweza kujibu asikabidhiwe watoto wa watu. Na katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, tuutazame mto kutoka darajani.

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui kina chake. Yupo aliyeyafika. Kazi yetu ni kumtafuta, kumsikiliza na kumpa cheti anachostahili.