Turbo Haijafa, Imekwama Tu

Leo nitawakasirisha mafundi, halafu nitawakasirisha wenye magari. Kaeni mkao.

Hapa Garsen, pikapu ya dizeli ikikosa nguvu na kuanza kutoa moshi mweusi, hukumu huwa tayari hata kabla ya boneti kufunguliwa: "Turbo imekufa, boss. Tafuta ingine." Hakuna kipimo, hakuna swali. Ni kama daktari akukate mguu kwa sababu umemwambia unachechemea.

Mjomba wangu aliambiwa hivyo hivyo, tena katikati ya msimu wa maembe. Pikapu yake hubeba maembe kutoka Ngao hadi Malindi, safari ndefu. Siku hiyo ilikuwa inapitwa na tuktuk. Gereji ikamtajia turbo ya mtumba, shilingi 85,000, kazi ya kuifunga ni pesa nyingine. Maembe yameshachumwa, yamo kwenye kreti yanaiva, na embe halimngoji mtu. Mjomba akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake.

Aliyemwokoa ni fundi mmoja kijana wa Minjila. Hakuja na mashine yoyote. Alimwambia mjomba awashe injini, yeye akachungulia ubavuni mwa turbo. Pale pana kikopo kidogo chenye kijiti, ndiyo hiyo akchueta. Kijiti hicho ndicho kinachogeuza mapanga madogo ndani ya turbo, yale yanayoelekeza moshi wa ekzosi uizungushe. Kwenye nyingi za aina hii, ukiwasha injini vakyumu inakivuta kijiti, ukizima springi inakirudisha. Cha mjomba hakikutikisika hata kidogo.

Akakagua mpira wa vakyumu: mzima, unavuta. Akangoja injini ipoe, akakichomoa kijiti, akajaribu mkono wa turbo kwa vidole. Mgumu kama bawaba ya mlango wa bahari. Masizi na kutu. Akapuliza dawa ya kulegeza kutu kwenye ekseli ya ule mkono, akangoja, akausukuma polepole huku na huku, akapuliza tena. Hakugusa nyundo. Hakugusa ile skrubu ndogo inayozuia mkono, kwa sababu hiyo imepimwa kiwandani. Baada ya kama saa moja, mkono ulikuwa unateleza. Tukaijaribu barabara ya Malindi, na pikapu ikaamka.

Hakumdanganya mjomba pia. Alimwambia masizi ya ndani bado yapo, na ikikwama tena itabidi turbo ifunguliwe isafishwe. Lakini maembe yalifika sokoni.

Sasa mafundi, niambieni: hicho kipimo cha kuangalia kijiti kinachukua dakika ngapi? Mpira wa vakyumu ukipasuka, gari hukosa nguvu vile vile, na mpira haufanani bei na turbo. Mnaruka vipi yote hayo mkatua kwenye spea ghali kuliko zote? Na nyinyi mnaolazimisha mkono kwa koleo kwenye magari mapya yenye akchueta ya umeme, bila hata kuitenganisha, gia za ndani zikivunjika mnasema nini? "Si nilikwambia imekufa."

Najua mtanijibu kwamba turbo hufa kweli. Ndiyo, hufa. Shafti ikicheza hadi mapanga yanakwaruza nyumba yake, oili ikijaa kwenye paipu ya hewa, moshi ukiwa wa buluu, hapo dawa ya kupuliza haisaidii kitu. Lakini hayo nayo yanajulikana kwa kupima, si kwa kukisia.

Zamu ya wateja. Yule kijana aliitisha shilingi 1,500. Mjomba wangu, ambaye jana yake alikuwa tayari kuuza ng'ombe, aling'aka: "Elfu moja mia tano kwa kupuliza dawa tu?"

Niliona aibu. Na hapo ndipo nilipoielewa shida yetu. Sisi tunalipia chuma, hatulipii akili. Fundi akikuuzia spea unatoa pesa bila kubisha, kwa sababu umeishika kwa mkono. Akikwambia spea huihitaji, unamwona ametumia saa moja tu, basi apewe soda. Fundi naye ana watoto, ana kodi ya kibanda. Akipima vizuri analala njaa, akiuza turbo anakula. Wewe ungefanya nini? Hawa mafundi wa "imekufa" tumewalea wenyewe.

Kwa hivyo fundi, weka bei ya kupima, itaje mapema, usione haya. Na wewe mwenye gari, uilipe hata ukiambiwa gari lako halina ugonjwa mkubwa. Hasa ukiambiwa hivyo. Halafu kabla hujatoa hela ya turbo, uliza swali moja tu: "Umekiona kijiti kikitembea?" Akibabaika, ondoa gari lako hapo.

Mjomba mwishowe alitoa 1,000 na kikapu cha maembe. Zile 500 nilimalizia mimi. Ng'ombe bado yuko nyumbani, anatafuna nyasi, hajui alivyoponea kwa kijiti.