Dende mdogo akibeba mimba, tusimlaumu yeye, tulaumu katoni

Vijana wenzetu wa Base Camp, Juru na Rubondo, na nyinyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika hapa Nakivale, leo tunaongea juu ya dende. Ndiyo, dende. Wale wa Tanzania wanamwita simbilisi, wengine kobayi. Waliotoka Kivu hawahitaji kuelezwa. Nyumbani vita vilipochukua ng'ombe na mbuzi, dende ndiye alibaki, kwa sababu anafichika chini ya kitanda na ukikimbia unambeba kwenye kikapu. Mtoto akikosa daftari unauza mmoja. Mgonjwa akihitaji mchuzi unachinja mmoja. Mavi yake yanaenda kwenye lengalenga. Sasa tangu mgao wa chakula uanze kutolewa kwa mafungu mwaka 2023, wengi hapa wameanza tena kufuga, na miradi mingine inagawa dende kwa vijana. Hilo ni jambo zuri, tunashukuru.

Lakini kuna jambo linarudi kila mara na watu wanalichukulia kama mchezo: jike mdogo kabisa, bado yeye mwenyewe anakua, unashtukia tumbo limejaa. Wengine wanacheka. Wengine wanafurahi eti ni faida ya bure. Wengine wanasema auzwe haraka kabla hajafa. Sisi tunasema hakuna hata moja katika hayo lililo sawa. Mimba ile imeletwa na namna wanyama walivyowekwa, na kazi ya kwanza ya aliye naye ni kumlisha. Maneno mengine baadaye.

Tuanze na namna inavyotokea. Dende jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki 4 au 5 tu. Dume anaanza kupanda majike akiwa na wiki 3, na ndani ya miezi 2 hadi 3 anaweza kuzalisha. Hawajui dada wala mama. Kwa hiyo ukiweka madume na majike kwenye katoni moja, hata kama wote wanaonekana watoto, umeshapanga mimba. Mwenye kusema "haikupangwa" aseme vizuri: haikupangwa na dende.

Kikundi chetu kilipokea dende 6 kutoka kwa mradi mmoja. Walifika ndani ya katoni moja, madume na majike pamoja, na hakuna aliyetuambia yupi ni yupi wala wana umri gani. Tuliwatenganisha siku ile ile. Lakini jike mmoja, wa miezi 2 hivi, alikuwa tayari amebeba. Baada ya wiki 3 tumbo lilionekana. Tulimpima kwenye mizani ya muuza maharagwe, hakufika hata gramu 450. Jike anayefaa kuzaa angalau awe na miezi 3 hadi 4, na uzito wa gramu 500 au zaidi. Huyu alikuwa anagawana chakula chake na watoto waliomo tumboni wakati mifupa yake mwenyewe haijakomaa.

Kikao kilikuwa kirefu. Mmoja alisema tumchinje, nyama isipotee. Mwingine alisema tumpe dawa ya miti atoe mimba. Hii ya pili tuliikataa kabisa na tunaomba wote muikatae, maana mwili mdogo vile hauwezi kubeba sumu, utazika mama na watoto pamoja. Tukakubaliana kumtunza. Tunaeleza tulivyofanya, kwa sababu kila kitu kinapatikana hapa hapa, hakuna cha kununua mjini.

Kwanza chakula. Majani ya kawaida yawe mbele yake usiku na mchana, yasiwe na umande wala yasiwe yameoza, maana tumbo litajaa hewa. Dende ni kama sisi binadamu: mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima aile. Dende wa kawaida anahitaji miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mwenye mimba karibu 30. Kwa lugha ya jikoni: kila siku mpe kitu kibichi cha maana. Kipande cha pilipili hoho, pera, lengalenga, matembele. Ubadilishe badilishe, usimpe lengalenga peke yake kila siku. Usimpe majani ya viazi mviringo wala ya parachichi, yana sumu. Ukiona viungo vimevimba, ufizi unatoa damu, au hataki kutembea, ujue vitamini C imekosekana.

Pili, asilale njaa hata siku moja. Wiki 2 za mwisho ndizo za hatari. Mwenye mimba akiacha kula, mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, damu inachafuka, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Maji safi yasikosekane, hasa kiangazi hiki ambapo majani yenyewe yamekauka.

Tatu, utulivu. Usimshike shike. Watoto wa nyumbani wanapenda kumbeba, waelezeni. Kama ni lazima umwinue, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, usibonyeze tumbo. Mtoe jikoni penye moshi. Mpe boksi lenye mlango mdogo ajifiche, kwa sababu hofu peke yake inaweza kumfanya agome kula.

Nne, dawa. Jamani, hapa tusikilizane. Ile kapsuli ya amoksilini iliyobaki nyumbani usimpe dende. Penisilini na amoksilini zinaua vijidudu vizuri vya tumboni mwake, na yeye anakufa baadaye kwa kuhara. Tafuta mtu wa mifugo, si duka la dawa za watu.

Tano, na hii ndiyo wengi hawaijui: dume asikae naye siku ya kuzaa. Jike wa dende anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Dume akiwepo, huyo mtoto atakuwa ananyonyesha huku amebeba tena. Hapo hata aliyepona mara ya kwanza hatapona mara ya pili. Jike mwenzake mpole anaweza kubaki naye, haina shida.

Mimba inachukua siku 59 hadi 72, wengi ni kama 65. Karibu na kuzaa, ukigusa taratibu mbele ya nyonga unasikia mifupa imeachana kama upana wa kidole. Kuzaa kwenyewe ni haraka, mara nyingi haifiki saa moja. Akisukuma zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, au damu ikizidi, tafuta msaada usingoje asubuhi. Watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi, meno tayari, na siku za kwanza tu wanaanza kutafuna majani. Lakini wanahitaji maziwa wiki 3 hivi, na mama ana chuchu 2 tu, kwa hiyo mwangalie yule mdogo asisukumwe pembeni kila mara.

Wetu alizaa siku ya 48 tangu afike. Watoto 2. Mmoja alikuwa mdogo sana, akafa siku ya pili. Mwingine yuko, na mama yuko. Hatusemi tumeshinda. Mtoto mmoja amekufa kwa sababu mama yake aliingizwa kwenye uzazi kabla ya wakati, na hilo lingezuilika kwa katoni ya pili.

Kuna wanaosema, "Kwani shida iko wapi, si wote wanazaa? Ukichelewesha sana ndiyo wanakufa." Ni kweli nusu. Wataalamu wengi wanashauri jike azae mara ya kwanza kabla ya miezi 7, kwa sababu baadaye mifupa ya nyonga inakaza na watoto wanakwama. Kwa hiyo hatusemi majike wafungiwe maisha yote. Tunasema kuna dirisha, kuanzia miezi 3 au 4 hadi karibu 7, na anayefuga ndiye wa kuchagua siku. Asiyejua umri wa dende wake hawezi kuchagua. Ndiyo maana kupewa mnyama bila kuambiwa umri ni kupewa nusu ya mnyama.

Jambo moja tulilisikia wakati ule, na lilituuma. Watu walipoona tumbo walisema: "Huyu kajitakia." "Nani kampa?" Halafu kicheko. Dada zetu si wanyama, na hatutawaweka kwenye mfano huu. Lakini mdomo unaosema hivyo kwa dende ni ule ule tunaousikia bombani tukichota maji, ukimsema msichana wa miaka 15. Hakuna anayeuliza alilala wapi, nani alikuwa karibu, nani alipaswa kumlinda, leo amekula nini. Tukiweza kujizoeza kuuliza kwanza "amekula?" hata kwa kiumbe cha gramu 400, labda ulimi wetu utabadilika na kwa wengine.

Sasa maombi yetu. Kwa mashirika: kabla hamjagawa, tufundisheni kutofautisha dume na jike. Ni kazi ya dakika chache. Unamlaza mkononi, unabonyeza taratibu juu kidogo ya uchi wake, kwa dume kiungo kinatokeza, kwa jike unaona umbo kama herufi Y. Leteni madume katoni yao, majike katoni yao. Andikeni umri. Kama bajeti ni ndogo, punguzeni idadi ya dende, mtupe mbao za kibanda cha pili. Na mrudi baada ya miezi 2. Siku ya picha kila mtu anakuwepo, siku ya kuzaa hatuoni gari.

Kwa sisi vijana: mtoto dume akifika wiki 3 atoke kwa mama yake na dada zake. Andika tarehe ya kuzaliwa kwenye ubao wa kibanda kwa makaa, haigharimu kitu. Na hakuna sababu kila nyumba iwe na dume. Dume mmoja anatosha majike 7 hadi 10. Nyumba 5 zinaweza kuwa na kibanda kimoja cha madume, jike apelekwe akifika umri, na dume abadilishwe na kikundi kingine ili ndugu wasizaane. Tumeanza hivyo na majirani 3, na kijana anayetaka kuona kibanda aje, tutamwonyesha.

Tunajua kuna watakaosema, watu hawana chakula nyie mnaongelea mimba ya dende. Sisi tunajibu: ni kwa sababu hatuna chakula. Mkimbizi aliyepewa jike mmoja hana wa pili wa kupoteza. Akifa yule mdogo na mimba yake, limekufa daftari la mtoto, umekufa mchuzi wa mgonjwa, na mradi utaandika kwenye ripoti kwamba vijana hawakujua kutunza. Tunajua kutunza. Tunachoomba ni katoni mbili.