Mtoto wa CBC na baraza asiloitwa

Mpwa wangu ni miongoni mwa watoto wa kwanza wa CBC walioingia Gredi ya 10 Januari 2026. Nilipomuuliza kwa nini amechukua sayansi na hesabu, naye tangu udogo ni mtu wa kuchora, alinijibu bila kuinua uso: "Si mimi mjomba. Baba ndiye aliyechagua."

Jibu lile limenikumbusha kisa cha Summerhill, shule ya kibinafsi iliyoko Leiston, Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1921 na Mskoti A. S. Neill, aliyeamini kuwa mtoto anayesoma kwa hofu hasomi. Pale mtoto halazimishwi kuingia darasani. Sheria nyingi za shule hupitishwa kwenye mkutano ambapo kura ya mtoto mdogo ni sawa na ya mwalimu.

Mwaka 1999 wakaguzi wa serikali waliikosoa vikali, na wizara ikaitaka ibadilike au ikabiliwe na kufungwa. Shule ikaenda mahakamani. Machi 2000 serikali ilipokubali kusuluhisha, wanafunzi waliokuwepo walifanya mkutano wao papo hapo ndani ya chumba cha mahakama, wakayajadili masharti, ndipo wakayakubali. Shule ipo hadi leo.

Ndugu msomaji, sisemi tuige kila kitu. Summerhill ni shule ya kulipia, na mwenye nacho ndiye anayeimudu. Mtoto wa Kwale au Kilifi akiachiwa hiari ya kuingia darasani, huenda bodaboda ikamchukua kabla hajajua alichopoteza. Isitoshe, sheria yetu inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule.

Ninachokitaka ni ule mkutano. Na mkutano si jambo geni kwetu. Sisi Waswahili ni watu wa baraza. Ndoa, mirathi na ugomvi wa majirani huzungumzwa hapo. Lakini mtoto akifungua mdomo huambiwa anyamaze, wakubwa wanaongea. Tunashika methali ya samaki mkunje angali mbichi, tukaifanya idhini ya bakora, ilhali Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku kumchapa mwanafunzi.

Sheria hiyo hiyo imekwenda mbali zaidi. Inataka mwakilishi wa baraza la wanafunzi awe na nafasi katika bodi ya usimamizi wa shule. Je, katika shule ya mwanao ni nani? Huitwa vikao vikikaa, au jina lake limeandikwa tu ili faili ijae? Mkutano wa wazazi ujao, liulize swali hilo kabla hamjafika kwenye karo.

CBC imeahidi kufuata kipaji cha mtoto. Ahadi hiyo haitatimia Nairobi iwapo sisi huku nyumbani tunawajazia fomu bila kuwauliza. Nimeshaongea na shemeji yangu. Hakupendezwa, na alinikumbusha kuwa mchoraji hali rangi. Ana haki ya kuwa na hofu hiyo. Kazi ni chache Pwani na mzazi hulala akiiwaza kesho ya mwanawe. Lakini tumekubaliana jambo moja: Ijumaa hii baada ya swala tutakaa sote watatu, na binti ndiye atakayeanza kusema.